Gundi Haijui Una Haraka

Wasee, wacha nianze na aibu yangu. Mwaka jana panga la kinu changu cha upepo lilivunjika juu ya ploti yetu, likaruka, likatua kwenye karai la nguo la jirani. Mtoto wake alikuwa ametoka hapo sekunde chache tu. Hakuna aliyeumia, lakini keateka alipanda mbio akanipa saa moja niteremshe kila kitu. Mathe hakupiga kelele. Aliokota kipande cha mbao, akakigeuza, akaniuliza: "Na hii gundi mbona bado inanata?"

Nilikuwa nimeunganisha hizo mbao Alhamisi usiku. Hii ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimeacha uhandisi mwaka wa pili, karo ikiwa imetushinda, na nilitaka kuwaonyesha watu kwamba msee anaweza kutoa stima kwa upepo bila digrii. Video ilikuwa lazima itoke wikendi. Kwa hivyo nilipochanganya epoksi, nilimimina hadina mara mbili ya kipimo ili ikauke haraka.

Swali la mathe ndilo lilinifanya nianze kusoma historia ya gundi. Na manze, hiyo historia si mchezo.

Tuanze na ndege, kwa sababu bawa la ndege na panga la kinu ni ndugu. Yote mawili hukatwa kwa umbo la kushika hewa, na yote huvutwa na nguvu zinazotaka kuyapasua. Novemba 1940, Waingereza walirusha kwa mara ya kwanza ndege ya vita inayoitwa Mosquito. Ilikuwa ya mbao! Plaiwudi ya mti wa birch, na katikati balsa nyepesi. Kazi nyingi ilifanywa na mafundi wa fanicha. Zile za kwanza zilibandikwa kwa gundi ya kasini, yaani protini ya maziwa. Nguvu ilikuwa nayo, lakini ikikaa kwenye unyevu inalainika, na kuvu wanaila.

Baadaye walihamia gundi ya kemikali, ya jamii ya ile iliyotengenezwa na Norman de Bruyne, mwanasayansi wa Cambridge, aliyekuwa na kiwanda Duxford. Unadhani shida iliisha? Mwaka 1944, Mosquito kadhaa zilivunjika zikiwa hewani huko India. Wengine walilaumu joto na unyevu. Wengine walipokagua walisema shida ni mikono: vipande havikukutana vizuri, na gundi ikaachiwa kazi ya kuziba mapengo. Hapo ndipo nilinyamaza kidogo. Gundi nzuri kabisa, kazi ya haraka, na watu wanakufa.

Baada ya vita, mwaka 1946, kampuni ya Uswisi inayoitwa Ciba ilianza kuuza Araldite. Kampuni ya de Bruyne nayo ikaja kuwa mali ya Ciba. Kwa hivyo zile tyubu mbili unazoona kwa duka la hadiwea zina ukoo na watu waliohangaika na mbao za ndege.

Sasa twende kwa vinu vyenyewe. Kaskazini-magharibi mwa Scotland kuna rasi inaitwa Scoraig. Barabara haifiki, unaenda kwa mashua au kwa miguu. Miaka ya 1970 jamaa anaitwa Hugh Piggott alihamia huko, akaanza kuunda vinu kwa vyuma chakavu. Baadaye aliandika vitabu ambavyo watu wa nchi nyingi wanavifuata mpaka leo. Mapanga anachonga kwa mbao. Waya za koili zinamwagiwa rezini ndani ya kalibu mpaka zinakuwa sahani moja ngumu, na sumaku pia zinafunikwa kwa rezini.

Hapo ndipo somo lingine lilitoka. Sumaku za neodimiamu, zilizovumbuliwa miaka ya 1980, zina nguvu ajabu lakini zikipata maji zinaoza kwa kutu. Kutu inavimba na kuisukuma rezini mpaka ipasuke. Rezini ya poliesta ni rahisi lakini inapitisha unyevu polepole, ndiyo maana wengi walihamia vinili esta, inayozuia maji vizuri zaidi.

Na hapa ndipo nilipokosea mimi. Kwa poliesta, ile dawa ni kama kiberiti. Unatia kidogo sana, asilimia moja au mbili, kuwasha moto. Ukizidisha inaganda haraka, lakini inachemka, inapasuka, hata kutoa moshi. Epoksi ni tofauti kabisa. Ni densi ya wawili wawili: kila sehemu ya rezini inatafuta mwenzake kwa hadina. Ukileta hadina mara mbili, nusu wanabaki ukutani bila mtu wa kucheza naye. Haikauki haraka, inabaki laini. Mathe, hilo ndilo jibu lako.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Lakini Kamkwamba pia aliacha shule!" Sawa, tuongee ukweli. William Kamkwamba wa Malawi alitolewa shule akiwa na miaka 14, wakati wa njaa ya 2001 na 2002, kwa sababu nyumbani hakukuwa na karo. Akaenda maktaba ya shule ya msingi, akasoma kitabu cha nishati akiangalia michoro. Hakuwa na rezini. Alipasua bomba la plastiki, akalilainisha kwa moto, akalifunga kwa nati na bolti, na washa zake zilikuwa vifuniko vya chupa za bia. Akawasha taa. Halafu akarudi shule, mpaka akahitimu chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 2014.

Sisi tunapenda ile sehemu ya kuacha shule. Ile ya maktaba tunairuka. Mimi niliiruka.

Kinu changu hakijarudi juu bado. Nimechonga mapanga mapya, kila moja kutoka ubao mmoja, bila kiungo. Sehemu zinazohitaji epoksi napiga msasa, nafuta vumbi, napima kwa mizani ndogo ya jikoni, halafu nafunga kwa klempu na kwenda zangu. Muda ule karatasi inasema, ndio muda ule. Kabla ya chochote kupanda, mathe anapitisha kidole pale kwenye kiungo. Kikinata, hatupandi.