Kodi ya Mapato kwa Wakusanyaji Wadogo wa Chuma Chakavu: Thamani ya Daftari la Mauzo

Mkusanyaji anayezunguka na baiskeli au mkokoteni katika mitaa ya Somanda, mjini Bariadi, akinunua majembe yaliyochakaa na masufuria yaliyotoboka, anafanya biashara kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332. Hata hivyo, si kila mkusanyaji anadaiwa kodi.

Katika utaratibu wa makadirio, mtu binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi 4,000,000 halipi kodi ya mapato. Izingatiwe kuwa kinachopimwa ni mauzo, si faida; yaani fedha yote anayolipwa mzigo ukishapimwa, kabla ya kutoa gharama ya kuununua na kuusafirisha. Hapo ndipo wengi hukosea. Anayeuza mzigo wa shilingi 15,000 kwa siku, siku 6 za wiki, hufikisha shilingi 4,680,000 kwa mwaka, hata kama faida yake ilikuwa ya kununulia mboga tu. Fedha anayokopeshwa na mwenye ghala ili akanunulie mzigo ni mkopo, isiandikwe kama mauzo.

Kwa mauzo yanayozidi shilingi 4,000,000 hadi 7,000,000, viwango vya Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 vinatofautisha wanaotunza kumbukumbu na wasiotunza. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi 4,000,000. Asiyenazo hulipa shilingi 100,000, hata akizidisha kidogo tu. Mkusanyaji tuliyemtaja, akiwa na daftari, atalipa shilingi 20,400. Asipokuwa nalo, atalipa shilingi 79,600 zaidi kwa mauzo yaleyale. Mauzo yakizidi 7,000,000 hadi 11,000,000, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000, na mwenye nazo hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi 7,000,000.

Daftari la kawaida lenye tarehe, uzito, bei na jina la mnunuzi ni mwanzo mzuri, likiambatana na stakabadhi. Kumbukumbu hizo zihifadhiwe kwa miaka 5.

Kodi hulipwa kwa awamu 4, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN) hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kwa kuwa viwango huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, mkusanyaji athibitishe kiwango kinachotumika katika ofisi ya TRA kabla ya kulipa.

TIN si kibali cha kufanya biashara ya chuma chakavu. Kibali hicho hutolewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na hakihalalishi ununuzi wa alama za barabarani, nyaya za umeme wala mali nyingine ya umma.