Kupima Kabla ya Kupiga

Kutoka Puta, kaskazini ya Nchelenge kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, hadi Lusaka, mji mkuu wa Zambia, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara ya Mansa na Serenje. Mwanamke wa Puta aliyepatikana na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowashambulia zaidi wanawake wa Zambia, huenda akalazimika kuukabili mwendo huo ikiwa anahitaji tiba ya mionzi. Zamani mwendo ulikuwa mrefu zaidi. Hadi mwaka 2006, Hospitali ya Magonjwa ya Saratani ilipoanza kazi mjini Lusaka, wagonjwa wachache waliobahatika walipelekwa Zimbabwe na Afrika Kusini.

Ndugu wasikilizaji, mgonjwa anayevuka umbali huo anafuata nini? Wengi watajibu kwamba anafuata mashine. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mashine ya mionzi ni silaha, na silaha haitofautishi adui na raia. Mionzi inayoua saratani huweza kuunguza pia kibofu cha mkojo na utumbo, viungo ambavyo viko jirani kabisa na mlango wa kizazi. Kila mpiga mzinga anafahamu kwamba ukubwa wa kombora haufidii umbali uliokosewa. Anachokifuata mgonjwa, basi, ni kipimo sahihi, na historia ya kipimo hicho inapita katika bara letu la Afrika.

Mnamo tarehe 8 Novemba, 1895, mwanasayansi wa Ujerumani, Wilhelm Röntgen, aligundua mionzi ya eksirei. Haukupita muda mrefu kabla ya madaktari kuanza kuijaribu katika kutibu saratani. Lakini picha ya eksirei ilikuwa kivuli tu. Ilionyesha mfupa na kuficha mengi, na daktari alilazimika kukisia mahali uvimbe ulipoanzia na ulipoishia. Mwaka 1938 wataalamu wa Manchester, Uingereza, walitoa utaratibu wa kutibu saratani ya mlango wa kizazi kwa kupima mionzi katika nukta maalumu, sentimita 2 juu na sentimita 2 kando. Utaratibu huo uliokoa maisha ya wengi na ukaenea duniani. Hata hivyo, nukta ilikuwa ile ile kwa kila mwanamke, uvimbe wake uwe mdogo au mkubwa. Ilikuwa sawa na kuwagawia askari wote wa kikosi viatu vya namba moja.

Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ya mjini Cape Town ilikosa mtaalamu wa fizikia. Mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliombwa kuishika kazi hiyo kwa muda. Alipotazama jinsi tiba ya mionzi ilivyopangwa, aliona kasoro moja kubwa. Hesabu zilifanywa kana kwamba mwili wa binadamu ni kitu cha namna moja, ilhali mfupa huzuia mionzi kuliko nyama, na mapafu yaliyojaa hewa huipitisha kwa wepesi. Cormack alitafuta njia ya kupima, kutoka nje ya mwili, ni kiasi gani cha mionzi kinachozuiwa na kila sehemu ya ndani. Alichapisha hesabu zake mwaka 1963 na 1964, lakini ni watu wachache mno waliozijali.

Huko Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield aliifikia shabaha hiyo hiyo kwa njia yake mwenyewe, na tarehe 1 Oktoba, 1971, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mashine yake mjini London. Hiyo ndiyo siti skani. Mwaka 1979 wawili hao walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba.

Jambo kubwa la kutambua hapa ni kwamba picha ya siti skani ni jedwali la tarakimu. Maji hupewa sifuri, hewa hupewa 1,000 chini ya sifuri, na mfupa mgumu huweza kufika 1,000 juu yake na kuzidi. Kwa tarakimu hizo kompyuta hukokotoa kiasi cha mionzi kitakachofika kwenye uvimbe, na kiasi kitakachoangukia kibofu na utumbo. Picha ikirudiwa katikati ya tiba, huonekana kama uvimbe umepungua, na mpango hurekebishwa. Lakini tarakimu nazo hulindwa. Mashine hujaribiwa mara kwa mara kwa chombo chenye maji, na isiposoma sifuri ni lazima irekebishwe, kama vile bunduki inavyojaribiwa shabaha kabla ya kazi.

Nidhamu hiyo inahitaji watu na vyombo vinavyotunzwa. Uganda ilionja uchungu wa upungufu huo mwaka 2016, mashine yake ya mionzi ya Mulago, iliyokuwapo tangu mwaka 1995, ilipoharibika kabisa. Mashine mpya ilianza kazi baada ya zaidi ya mwaka mzima, na wakati wote huo saratani haikusubiri. Funzo ni wazi. Taifa linalonunua mashine ya mionzi pasipo mafundi, wanafizikia na vyombo vya kupimia, limenunua mzinga usio na mlengaji.

Kwa askari na polisi walinzi wa mipaka yetu, wenye wake, dada na mama nyumbani, funzo la pili ni jepesi kutekelezwa. Hata kipimo bora cha hospitali hakiwezi kuurudisha wakati uliopotea. Saratani ya mlango wa kizazi huweza kugunduliwa mapema kwa uchunguzi mfupi katika zahanati, na ikigunduliwa mapema aghalabu hutibika. Anayemhimiza mkewe kwenda kuchunguzwa leo, huenda akamwepusha na kilomita 1,000 za kesho.