Upatanifu: Diski Nzima, Rafu Nzima, Lakini Haisomi

"Haisomi." Neno hilo likishamtoka fundi, kesi imekwisha: diski mbovu, tafuta nyingine. Kwa kompyuta ya mezani yenye diski moja, mara nyingi hakosei. Kwa rafu ya diski iliyofungwa kwenye seva ya nyumbani, anaweza kutupa diski nzima kumi kwa siku moja. Rafu ya diski ni sanduku la chuma lenye nafasi 12 au 24 za diski, umeme wake na feni zake, lakini halina kompyuta ndani. Linaungwa kwa kebo na kadi iliyochomekwa kwenye seva. (Ni rafu ya kupangia vitu, si ile ya uwanjani inayoleta kadi ya njano.) Diski humo inaweza kuwa nzima, rafu nzima, kadi nzima, na bado hakuna kinachoonekana.

Kilichokosekana hapo Waingereza wanakiita "compatibility", na Kiswahili kina majina kadhaa ya kukiita. "Mtangamano" lina uzito, ila limeshachukuliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki; mtu akilisikia anawaza mawaziri na ushuru wa forodha. "Uoanifu" limetoka kwenye kuoana, yaani kuendana, na watunga istilahi wanalipenda. Silichukii, ingawa msikilizaji asiye wa fani husikia harusi kwanza. Mimi nachagua "upatanifu", na sababu yangu iko darasani. Kila aliyesoma Kiswahili shuleni alifundishwa upatanisho wa kisarufi. "Kitabu umeanguka" ni sentensi mbovu, lakini ukimwuliza mwalimu ni neno gani bovu, hana la kukuonyesha. "Kitabu" ni neno zuri. "Umeanguka" nalo halina kasoro, mpe mti uone. Ubovu uko kati yao. Fundi anayetafuta diski mbovu ndani ya rafu mara nyingi anatafuta neno bovu katika sentensi ya namna hiyo.

Kwa hiyo upatanifu haukai ndani ya kifaa kimoja. Muuzaji akisema "diski hii ni patanifu" hajasema kitu mpaka aongeze: na nini?

Tuchukue rafu inayopendwa sana na wenye seva za nyumbani, NetApp DS4246. Ilitengenezwa kwa ajili ya vituo vya data, ina nafasi 24 za diski za inchi 3.5, na leo inauzwa mtumba kwa sehemu ndogo ya bei yake ya zamani. Inazungumza SAS, njia ya mawasiliano ya diski za seva, kwa kasi ya gigabiti 6 kwa sekunde. Diski za kawaida za nyumbani ni SATA, na hapa waliounda SAS walifanya hisani: soketi yake inapokea diski za aina zote mbili, na itifaki yake ina njia maalumu ya kupitishia amri za SATA. Hisani hiyo ni ya upande mmoja. Diski ya SAS haiingii kwenye soketi ya SATA, kwa kuwa pengo lililopo kati ya pini za data na za umeme kwenye diski ya SATA, kwenye ya SAS limezibwa. Ukiona mtu anaisukuma kwa nguvu, mzuie.

Kuingia, basi, ni hatua ya kwanza tu. Ya pili ni kuwaka. Mwaka 2016 toleo la 3.3 la kanuni za SATA liliibadilishia kazi pini ya tatu ya umeme: zamani ilileta volti 3.3, sasa ikipata umeme huo inaiamuru diski izimike. Diski mpya ikiwekwa mahali ambapo umeme wa zamani bado unapita kwenye pini ile, haizunguki kabisa, utadhani imekufa. Watu huifunika pini hiyo kwa kipande cha selotepu ya Kapton, na diski inafufuka. Dalili ni ukimya: weka kiganja juu yake, kama haitetemeki, anzia kwenye umeme kabla ya kugusa programu yoyote.

Kadi nayo ina masharti yake. Inayotakiwa ni ile inayoipa seva diski moja moja kama zilivyo, si ile ya RAID inayozificha nyuma ya hesabu zake. Kadi za zamani zenye chipu ya LSI 1068E zina ukomo mwingine: haziwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2.2, hata ukizipa diski ya terabaiti 8.

Lakini kikwazo chenye mafunzo mengi ni sekta. Sekta ni kipande kidogo kabisa ambacho diski husoma au kuandika kwa mkupuo, na kwa miongo mingi kompyuta za kawaida zimekizoea kipande cha baiti 512. Watengenezaji wa hifadhi kubwa, NetApp na EMC wakiwemo, walizifomati diski zao za SAS kwa baiti 520. Zile 8 za ziada hubeba alama za ukaguzi, ili mfumo ujue data ikiharibika njiani. Wazo zuri, kwa mfumo unaolijua. Linux ikikutana na diski kama hiyo inaiona, inasoma jina lake na namba yake, kisha inaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba haikubali sekta ya ukubwa wa 520 na kuihesabu kuwa na ukubwa wa sifuri. Hapo ndipo wengi hutamka "mbovu", kwa sababu jina linaonekana na nafasi haionekani.

Fundi mwenye subira hufungua kwanza kumbukumbu hizo kwa amri ya `dmesg` na kutafuta ile namba 520. Akiikuta, anatumia zana za sg3_utils:

`sg_format --format --size=512 /dev/sg3`

Jina la mwisho linategemea diski yenyewe, na `lsscsi -g` ndiyo inayolitaja. Jina hilo lihakikiwe mara mbili, maana amri ya kufomati inafuta kila kitu na haiulizi diski ni ya nani. Diski kubwa inachukua saa nyingi. Umeme ukikatika katikati, diski itajibu kwamba ufomati wake umeharibika na kukataa kusomwa. Kwa kawaida dawa ni kuanza upya amri ileile mpaka ikamilike, lakini kwetu hofu ya kukatika huko ni sababu tosha ya kuiunga rafu na UPS, yaani betri ya akiba, kabla ya kubonyeza kitufe.

Kazi ikiisha, diski inaonyesha ukubwa wake kamili na seva inaisoma bila neno. Irudishe sasa kwenye mfumo wa NetApp ilikotoka, nao utaikataa mpaka ifomatiwe tena kwa 520.