Bodaboda imeibwa Masasi: bima italipa?

Hebu fikiria: umepaki bodaboda yako sokoni Masasi, unarudi huikuti. Bima unayo. Utalipwa? Kama ni ile bima ndogo, hapana.

Chanzo ni sheria ya Tanganyika ya mwaka 1945. Iliwalazimisha wenye magari kukata bima ili kumlinda anayegongwa, siyo chombo chenyewe. Mwaka 1967 biashara hiyo ikaachiwa Shirika la Bima la Taifa peke yake. Mwaka 1996 kampuni binafsi zikaruhusiwa tena. Msingi haukubadilika.

Wizi unalipwa na bima kubwa, ambayo ada yake hupigwa kwa asilimia ya thamani ya chombo. Wizi ukizidi, madai yanaongezeka, na ada inapanda hata kwako ambaye hujawahi kuibiwa. Basi kabla hujalipa, uliza: wizi umo?