Bondia Aliyefungiwa Mlango Mara Mbili

Ukitaka kukisia umri wa mtu hapa Wang'uru bila kumwomba kitambulisho, muulize bondia bora wa Kenya wa nyakati zote ni nani. Akisema Philip Waruinge, huyo alisikiliza redio miaka mingi kabla ya kununua runinga. Akisema Robert Wangila, mwaka 1988 alikuwa shuleni, na bado anakumbuka jirani gani alikuwa na runinga. Akisema Fatuma Zarika, ama ni kijana, ama ana binti. Na akisema Mike Tyson, basi hakusikia swali vizuri.

Ubishi huu nimeusikia kwa miaka, hasa kwenye kinyozi kimoja karibu na steji, mahali ambapo ukitaka kunyolewa tu haraka uende zako, umekosa mlango. Kuna mzee mmoja wa mpunga tunayemwita Guka, ingawa si guka wa yeyote kati yetu. Kuna kinyozi mwenyewe, ambaye ni mtu wa Wangila damu na nyama. Na kuna vijana wa boda ambao wameangalia kila pigano la Mayweather kwenye simu lakini ukiwatajia Waruinge wanadhani ni mgombea wa wadi.

Nianze na mtu wa Guka, kwa sababu rekodi yake ina kitu cha ajabu ambacho vijana hawaamini mpaka watafute wenyewe. Olimpiki ya Mexico, 1968. Waruinge, kijana wa Nakuru, anapigana uzani wa kilo 57. Katika nusu fainali anakutana na Antonio Roldán, mwana wa Mexico, mbele ya Wamexico wenyewe. Majaji watano: watatu kwa Roldán, wawili kwa Waruinge. Mkenya anarudi nyumbani na shaba. Lakini kuna Kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia aliyeonyesha ustadi kuliko wote katika michezo mizima. Mwaka huo George Foreman alichukua dhahabu ya uzani wa juu. Kombe hawakumpa Foreman. Hawakumpa Roldán pia. Walimpa Waruinge, mwenye shaba.

Yaani waliomnyima fainali na waliomsifu walikuwa kwenye michezo ile ile.

Miaka minne baadaye, Munich, alifika fainali. Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti alimshinda, tena 3-2. Hesabu hapo: jaji mmoja tu angegeuza kalamu mwaka 1968, mwingine mmoja mwaka 1972. Kabla ya Munich Waruinge alikuwa tayari na dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola, Kingston 1966 na Edinburgh 1970. Baadaye akaenda Japani kupigana ndondi za kulipwa, akapata nafasi moja ya taji la WBC mwaka 1976 dhidi ya Rigoberto Riasco, kule Panama, akashindwa. Alifariki mwaka 2022. Guka akifika hapo hunyamaza kidogo, halafu husema huyo mtu alikuwa anapiga ngumi kama mtu anayepepeta mchele: hakuna nguvu unayoiona, lakini makapi yanaondoka.

Mimi sina ugomvi na Guka. Kwa ufundi mtupu, Waruinge ni namba moja.

Kinyozi naye hutumia hoja moja tu, na ni hoja ngumu: leta dhahabu. Ndondi za Kenya zina medali saba za Olimpiki. Mbili ni za Waruinge. Samuel Mbugua na Dick Murunga walileta shaba kutoka Munich 1972, mwaka ule ule wa fedha ya Waruinge. Ibrahim Bilali akaleta shaba ya Los Angeles 1984, na Chris Sande ya Seoul 1988. Dhahabu ni moja peke yake, ya Wangila, Seoul, uzani wa kilo 67. Na mpaka leo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imepata nje ya riadha. Tangu mwaka huo hatujapata medali nyingine ya ndondi, hata ya shaba.

Na hakuipata kwa majaji. Kwenye fainali alimlambisha sakafu Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili. Wale wanaosema Wangila alibahatisha mpinzani laini wajue kwamba Boudouani huyo huyo, miaka ya tisini, alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBA. Hilo kinyozi alikuwa halijui. Nilimpa bure, na sasa amelifanya lake.

Mwisho wa Wangila unajulikana, ingawa watu huupitia haraka. Julai 1994, Las Vegas, alipigana na David Gonzales. Refa alisimamisha pambano katika raundi ya tisa, Wangila akalalamika kwamba angeweza kuendelea. Akazimia akiwa chumba cha kubadilishia nguo. Siku mbili baadaye alikuwa amekufa, miaka 26. Hata mwili uliporudi nyumbani haukupumzika mara moja: alikuwa amesilimu, na kukawa na mvutano kuhusu azikwe kwa dini gani. Ninapowasikia vijana wakisema refa siku hizi wanasimamisha mapigano mapema mno, huwa nafikiria raundi ile ya tisa. Refa alisimamisha, na bado alikuwa amechelewa.

Kumhusu Zarika nitasema kidogo, si kwa sababu hastahili bali kwa sababu kesi yake iko wazi. Oktoba 2016 alikwenda Flint, Michigan, akamnyang'anya Alicia Ashley taji la WBC nyumbani kwao Marekani. Akalitetea Nairobi dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia, akalitetea Nairobi tena dhidi ya Yamileth Mercado wa Mexico, na ni Mercado huyo aliyekuja kumpokonya mwaka 2019, huko Mexico. Bingwa wa dunia miaka mitatu, aliyesafiri mpaka kwa bingwa na kumpiga kwao. Kama angekuwa mwanamume, kungekuwa na picha yake kwenye kila kinyozi kutoka hapa mpaka Kutus. Mwanamume yeyote akiniambia "lakini hizo ni ndondi za wanawake", mimi humwuliza yeye ameshinda nini Michigan.

Sasa nifike kwa mtu wangu, ambaye jina lake likitajwa nusu ya kinyozi huuliza "nani?"

Stephen Muchoki. Uzani wa kilo 48, ule mdogo kuliko wote. Walimwita Stone Boy. Mwaka 1974 alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, Nyuzilandi. Mwaka huo huo dunia ya ndondi za ridhaa ilifanya mashindano yake ya kwanza ya ubingwa, Havana, na Muchoki akafika fainali. Aliyemngoja huko alikuwa Jorge Hernández, Mkuba, nyumbani kwake Kuba. Hernández akashinda. Muchoki akawa namba mbili duniani. Katika mashindano hayo hayo jirani yetu Ayub Kalule wa Uganda alichukua dhahabu, na huyo Kalule tutarudi kwake.

Kwa hiyo fikiria hali ilivyokuwa kufikia 1976. Wewe ni wa pili duniani, Olimpiki ya Montreal inakuja, na unajua vizuri nani wa kumtafuta. Halafu Juni 16, wanafunzi wa Soweto wanapigwa risasi. Wiki hizo hizo tima ya raga ya Nyuzilandi inakwenda kucheza Afrika Kusini kana kwamba hakuna kilichotokea. Nchi za Afrika zinataka Nyuzilandi ifungiwe Olimpiki, wenye Olimpiki wanakataa, na zaidi ya nchi ishirini zinajiondoa. Kenya ikiwemo. Uganda ikiwemo. Hernández alichukua dhahabu ya kilo 48. Mtu aliyekuwa wa pili nyuma yake duniani hakuwa ulingoni.

Muchoki hakuacha. Mei 1978, Belgrade, mashindano ya pili ya dunia: dhahabu. Agosti mwaka huo huo, Edmonton, Kanada, dhahabu nyingine ya Jumuiya ya Madola. Mwaka mmoja. Hakuna bondia Mkenya niliyemsoma ambaye amewahi kuwa na mwaka kama huo. Na Olimpiki ya Moscow ilikuwa bado miezi ishirini na kitu.

Desemba 1979 majeshi ya Kisovieti yakaingia Afghanistan. Rais Carter wa Marekani akataka dunia isusie Moscow, na kwa kuwa alijua Afrika haingemsikiliza yeye, Februari 1980 akamtuma mtu ambaye Afrika ingemsikiliza: Muhammad Ali. Hii ndiyo sehemu inayoniuma nikiisimulia. Bingwa mkubwa kuliko wote, mtu aliyewahi kuvuliwa taji lake kwa sababu ya siasa, anazunguka bara letu kuwaomba watu wasipigane. Dar es Salaam walimbana. Waandishi walimuuliza kwa nini Marekani haikusimama na Afrika mwaka 1976, na Nyerere hakukubali kuonana naye. Ali mwenyewe alianza kuyumba, akaonekana kama mtu aliyetumwa bila kuelezwa vizuri. Nairobi mambo yalikuwa laini zaidi. Rais Moi alimpokea, na Kenya haikwenda Moscow.

Tanzania ilikwenda. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na fedha mbili. Uganda ilikwenda, na John Mugabi akachukua fedha ya ndondi, uzani ule ule ambao Wangila angeuchukua miaka minane baadaye. Fedha hiyo ilimfungulia Mugabi njia mpaka akasimama mbele ya Marvin Hagler mwaka 1986, na baadaye akawa bingwa wa WBC. Katika kilo 48, dhahabu ya Moscow ilikwenda kwa Msovieti, Shamil Sabirov.

Kuhusu 1976, mimi naweza kuimeza. Watoto walikuwa wameuawa, na Afrika ilikuwa na silaha chache. Guka, ambaye alizaliwa eneo hili wakati wafungwa wa Hali ya Hatari wakichimbishwa mitaro ya Mwea, haoni hata cha kujadili hapo: kuna siku unaacha mchezo. Lakini 1980 inanikwama kooni. Ile haikuwa vita yetu. Majirani zetu wawili waliangalia hali ile ile, wakapanda ndege. Sisi tulimkabidhi Carter kitu ambacho hakikuwa chetu kukitoa. Kilikuwa cha Muchoki, na cha wakimbiaji wetu wote waliokuwa katika kilele chao.

Kinyozi hunijibu hivi: sawa, lakini alipoingia ndondi za kulipwa mbona hakuchukua taji? Ni swali la haki. Muchoki alikwenda Denmark, kwa promota Mogens Palle, kule kule alikopita Kalule. Kalule alifanikiwa: taji la WBA mwaka 1979, na hakupoteza pambano hata moja mpaka alipokutana na Sugar Ray Leonard mwaka 1981. Muchoki alipata nafasi yake Novemba 1982, Copenhagen, dhidi ya Santos Laciar wa Argentina, na alisimama naye mpaka raundi ya 13 kabla pambano halijasimamishwa. Laciar huyo alikaa na taji mpaka 1985 bila mtu kumng'oa.

Lakini angalia pia alikotoka. Ndondi za kulipwa za miaka hiyo hazikuwa na nafasi kwa kilo 48 za kawaida kama tunavyozijua leo. Uzani huo ulikuwa mpya, umeanza katikati ya miaka ya sabini, na Ulaya hakuna aliyekuwa akiulipia. Ilibidi apande apigane na watu wakubwa kuliko yeye. Na alipanda bila kile kitu ambacho promota huweka kwenye bango kwa herufi kubwa: medali ya Olimpiki. Bingwa wa dunia wa Belgrade? Watu husoma na kupita. Mshindi wa Olimpiki? Hapo tiketi zinauzwa. Kasoro ya hoja ya "leta dhahabu" ni kwamba inamhesabia bondia mlango uliofungwa na mtu mwingine.

Oktoba 20, 2021, sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika hapa hapa, Uwanja wa Wang'uru. Siku ile barabara zilijaa, ndege zikapita juu ya mashamba ya mpunga, na wenye vibanda wakauza maji mpaka yakaisha. Ni neno zuri, mashujaa. Jioni yake kwa kinyozi ubishi ulikuwa mkali kuliko kawaida, kwa sababu kila mtu alikuja na orodha.

Orodha yangu haijabadilika. Ustadi, Waruinge. Ushindi mmoja mkubwa kuliko wote, Wangila. Aliyepuuzwa na wanaume wasiotaka kuangalia, Zarika. Aliyesahauliwa kabisa, Muchoki, na nikilazimishwa kuchagua mmoja ambaye ningelipa pesa zangu kumwona katika siku yake bora, ningechukua yule wa 1978.

Siku hizi nawatega kwa swali tofauti. Julai 1976, Montreal, fainali ya kilo 48, Kenya imekwenda. Muchoki dhidi ya Hernández, mara ya pili, na safari hii si Havana. Nani anashinda? Guka anasema Muchoki, 3-2, kwa sababu kuna majaji wa Mexico na Munich wanaodaiwa na Kenya. Kinyozi anasema Hernández, kwa pointi nyingi. Kijana mmoja wa boda aliwasikiliza wote, akatoa simu mfukoni, akauliza odi zake zingekuwa ngapi.