Na fuvu la shefu Lusinga, litarudi lini?



Tumezoea kuandika hapa juu ya wanaorudi: waliotoka Nyarugusu, waliotoka Zambia kwa meli mpaka bandari ya Moba. Safari hii tunaandika juu ya mtu aliyetolewa kwetu zaidi ya miaka 140 iliyopita, na mpaka leo hajarudi. Alitoka kichwa tu.

Jina lake Lusinga lwa Ng'ombe, shefu wa Watabwa katika milima iliyo juu ya ziwa Tanganyika. Mwaka 1883 Emile Storms, mwanajeshi wa Ubelgiji aliyetumwa na shirika la mfalme Leopold wa Pili, alivuka ziwa kutoka Karema, ambayo leo iko Tanzania, akajenga kituo chake Mpala. Lusinga hakukubali kuwa chini ya mgeni. Tusimfanye malaika: yeye mwenyewe alikamata watu na kuwauza utumwani. Lakini Storms hakumpeleka mbele ya baraza lolote. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wake walipanda mlimani, wakamwua Lusinga na kumkata kichwa.

Mwaka 1885 Storms aliitwa arudi kwao, na Mpala ikaachiwa Mapadri Weupe. Njo maana wengi wetu tunaijua kama misheni ya zamani tu, wala hatukuambiwa ilianza kama kituo cha wenye bunduki.

Storms alibeba mafuvu matatu: la Lusinga, la Mpampa na la Maribu. Alibeba pia sanamu ya mti ya Lusinga, ile iliyounganisha shefu na wahenga wake. Mwaka 1886 daktari mmoja wa Brussels, Emile Houzé, aliandika juu ya mafuvu hayo baada ya kuyapima, kama vile mfupa unaweza kusema kabila fulani lina akili gani. Sanamu nayo ilikaa nyumbani kwa Storms kama pambo. Yeye alikufa mwaka 1918. Miaka ya 1930 mjane wake alitoa vitu hivyo kwa makumbusho ya Tervuren. Mwaka 1964 mafuvu yakahamishiwa taasisi ya sayansi ya asili, Brussels.

Angalieni basi. Sanamu imebaki Tervuren, inaitwa sanaa. Fuvu liko taasisi nyingine, linaitwa sayansi. Kwetu vyote viwili ni mtu mmoja, na kaburi la kichwa chake haliko.

Juu ya nini haijarudi? Mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, lakini sheria ile haigusi mabaki ya watu. Mwaka uleule sanamu ya Storms iliondolewa katika uwanja mmoja wa Brussels. Ni vizuri, lakini kumwondoa Storms si kumrudisha Lusinga.

Njia ipo, tumeiona. Jino la Patrice Lumumba lilipewa familia yake tarehe 20 Juni 2022, likapumzishwa Kinshasa siku kumi baadaye. Lilirudi sababu binti yake, Juliana, aliandika barua kwa mfalme mwaka 2020. Kulikuwa na mtoto wa kudai, na jina la kudai.

Sisi tunaotembea vijijini kuandikisha wanaorudi tunajua maswali yanayoulizwa kila mara: wewe wa ukoo gani, shamba lenu liko wapi, nani atakupokea? Hata kwa Lusinga yataulizwa hayohayo. Wazee wanaoweza kuyajibu wanatuacha mmoja mmoja, na vita vilitawanya familia huku na huku ya ziwa.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu wa upande wa Moba, hata walio bado kambini: aliye na mzee anayejua ukoo wa Lusinga, wa Mpampa ao wa Maribu, akae naye, aandike majina, alete daftari kwenye ofisi ya chama. Wafadhili, karatasi na safari za kuwafikia wazee hawa si gharama kubwa. Siku watakapouliza nani anawadai watu hawa, tusikose wa kuitika.