Usivute miguu kabla ya kukiona kichwa

Umoja na mitaa jirani ya Eastlands, Nairobi, wapo watu wanaofuga mbuzi kwenye banda dogo nyuma ya nyumba, kama tulivyozoea kwetu Pwani. Mbuzi akishikwa na uchungu usiku wa manane, anayefika kwanza ni jirani, si daktari. Jirani akiona miguu miwili imechomoza, huishika akavuta. Hapo ndipo mama na mwana hupotea pamoja.

Mkao wa kawaida

Mwana hutanguliza miguu ya mbele, kwato zikitazama chini na pua ikilala juu ya magoti. Ukiona miguu bila pua, basi ama ni miguu ya nyuma, ama kichwa kimegeuka. Upapase mguu. Wa mbele, kiungo cha juu ya kwato na goti hukunjika upande mmoja. Wa nyuma, kiungo cha pili hukunjika kinyume na kina ncha ya kisigino.

Kichwa kikigeuka, mara nyingi pua huelekea ubavuni. Wakati mwingine huinama chini katikati ya miguu. Kupinda juu kuelekea mgongoni ni nadra. Kwa vyovyote, kuvuta miguu kunazidi kukunja shingo na kunaweza kupasua kizazi.

La kufanya

1. Kata kucha, nawa kwa sabuni hadi juu ya kiwiko, vaa glavu ndefu. Msafishe mnyama, kisha tia jeli ya kulainisha kwa wingi.

2. Funga miguu iliyotoka kwa kamba laini safi, juu ya kifundo, isikupotee.

3. Uchungu ukitulia, msukume mwana kifuani arudi ndani polepole. Nafasi ya kumgeuza iko tumboni, haiko kwenye nyonga.

4. Fuata shingo mpaka pua. Funika meno kwa kiganja yasichane kizazi, kisha ilete pua kwenye njia. Kamba ya kichwa hupita nyuma ya masikio na ndani ya mdomo. Isiwe kitanzi cha shingo.

5. Sasa vuta, uchungu unapokuja tu, ukielekeza chini kwenye visigino vya mama. Mvutano wa kundi la vijana humvunja mnyama.

Lini kumwita daktari

Mbuzi akisukuma nusu saa bila dalili ya mwana kusogea, mchunguze. Ukijaribu dakika 15 bila kufanikiwa, acha, piga simu. Daktari ana sindano ya kutuliza kusukuma, na anaweza kumpasua mama akihitaji. Mwana aliyekufa na kuvimba ni kazi yake, si yako. Hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Jilinde

Maji ya uzazi na kondo la nyuma huambukiza binadamu brusela na homa ya Bonde la Ufa, ambayo mwaka 2006 hadi 2007 ilianzia Garissa ikafika hadi Pwani. Mwenye mimba asiguse kabisa. Kondo lizikwe kwa kina, mbwa wasilifukue.

Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, ng'ombe 280 hivi. Andika tarehe ya kupandwa, na namba ya daktari uwe nayo kabla siku hazijatimia.